Sauti ya Mwekundu

Mama yangu aliwafuatilia wale Watano kwa masikio. Macho yake yalianza kufifia kwa presha ya macho tangu mimi nikiwa darasa la pili, na siku televisheni ya kwanza ilipoingia nyumbani kwetu alikuwa haoni ila mwanga wa kioo na vivuli vinavyopita. Lakini muulize nani amevaa njano, nani ana hasira za karibu, nani alimwonea wivu kiongozi wake msimu uliopita, atakujibu kabla hujamaliza swali. Mtu mzima, tasbihi mkononi, mjane wa mwalimu wa madrasa, anakueleza habari za vijana watano wanaovaa nguo za kubana na helmeti za rangi ili wapigane na madubwana. Wageni walidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Watu wale aliwajua kupitia kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alikuwa bado ana mapengo mdomoni alipoanza kukaa ubavuni mwa mama na kumsimulia kinachopita kwenye kioo. Tamthilia ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza alikuwa hakijui hata cha kuombea maji. Hilo halikumzuia. Alitunga. Mwekundu, ambaye ndiye kiongozi, alimpa sauti nzito ya kujiamini. Bluu alimpa kithembe. Njano aliongea kama shangazi yetu wa Pangani, kwa madaha na kuvuta maneno. Mweusi akikasirika alitukana Kizigua. Na Waridi, yule msichana mlalamishi, alimpa sauti yangu. Nilimfinya mara nyingi kwa ajili ya Waridi. Nilipofika sekondari nikaanza kuelewa wale watu wanasema nini hasa, ndipo nikagundua kwamba miaka yote mama alikuwa akifuatilia hadithi ambayo haipo popote duniani. Wa Kijani, yule wa sita aliyeongezwa kisha akatoweka katikati ya msimu mmoja, mdogo wangu alisema amepata kazi Maskati na anatuma salamu. Mama alimwombea dua.

Wanaoijua tamthilia ile wanajua kwamba haina mwisho. Kila baada ya muda watu wote wanabadilishwa: nguo mpya, madude mapya ya chuma, sura mpya. Mwekundu anabaki Mwekundu, ila ndani yake anaingizwa kijana mwingine, na watoto wanatakiwa wampende vilevile kama yule wa kwanza. Mimi jambo hilo liliniudhi, nikaacha kuangalia. Niliona ni dharau, mtu unamzoea halafu unaletewa mwingine kama vile umebadilishiwa balbu. Mama hakuona tofauti yoyote. Kwake Mwekundu alikuwa na sauti moja tu tangu mwanzo.

Mchezo ukaja kuwa kazi. Mdogo wangu alijifunza Kiingereza cha kweli, akaanza kutafsiri kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, jirani na soko, maikrofoni mkononi, kichwani amevaa helmeti ya pikipiki aliyoipaka rangi nyekundu ili kuvuta watoto. Baadaye akawa anarekodi, na watu wakaja na flashi zao kunakili. Raha ya tamthilia ile kwa mtafsiri, aliniambia, ni kwamba wakishavaa helmeti midomo haionekani, kwa hiyo unaweza kuwatia neno lolote. Kabla ya kila pambano wale Watano wanapiga ukelele wa kujibadilisha. Yeye aliutafsiri, "Tuvae, jamani!" Siku moja nimeshuka Lugoba kununua maji, nikasikia kwenye kibanda kimoja sauti ya ndugu yangu ikipaaza "Tuvae, jamani!" na watoto wote wanaitikia. Nilisimama pale nikicheka peke yangu mpaka gari likataka kuniacha.

Alirekodia chumbani kwa mama kwa sababu kuta za chumba kile ni nene. Alijifunika blanketi yeye na maikrofoni yake, jasho likimtiririka, akisubiri adhana iishe, akisubiri majogoo, akisubiri mbuzi wa jirani waone aibu. Mama alikaa kwenye mkeka karibu yake, tasbihi ameiweka chini isigonge. Akimaliza sehemu anafunua blanketi anauliza, "Mama, imekaa?" Na mama hakumpa bure. "Mwekundu leo ana mafua. Rudia." Au, "Dubwana gani hilo linaloongea kama karani? Litie tumbo." Na yeye anarudia. Sikuwahi kuona watu wawili wakifanya kazi kwa furaha kama wale, na nakiri sikuwa na nafasi pale. Nilikuwa nikiwapikia.

Nasema haya yote ili ieleweke mama alikataa nini siku ile.

Mdogo wangu alipata kazi Dar es Salaam, kwa mtu mwenye studio ya kutafsiri filamu. Studio ya kweli, yenye kuta za sponji, isiyo na mbuzi. Alikuja kumwambia mama akiwa amekwishafunga begi, na hilo lilikuwa kosa lake. Mama alihesabu kwa haraka, kama wanavyohesabu watu wasioona, nani atabaki humo ndani na sauti zipi zitaondoka.

"Ni Dar tu, mama. Kila Ijumaa nitakuja."

"Na huu msimu umeuacha njiani."

"Sehemu zilizobaki nitazimalizia huko huko, nikuletee."

"Usiniletee. Nenda, umekuwa mkubwa. Ila hiyo sauti yako nisiisikie tena humu ndani."

Alicheka, akadhani ni maneno ya hasira za asubuhi. Akapiga goti mlangoni kama anavyofanya kila mtu kwetu anayesafiri, akamshika mama mkono akasema, "Naomba radhi yako, mama." Hapo mama husema, nimekuwia radhi, nenda salama, na mtu anaondoka moyo mweupe. Mama aliuvuta mkono wake. Mdogo wangu alibaki amepiga goti kidogo, kisha akaniangalia mimi akakonyeza, eti atapoa tu, akatoka. Lori la mchanga lilimkuta Mapinga akiwa juu ya pikipiki ya kukodi. Adhuhuri ile ile tulikuwa tumekwishapigiwa simu.

Mwili uliletwa jioni, ukalala msikitini, na kesho yake ukaletwa nyumbani ukiwa umeoshwa na kukafiniwa, tuage. Mama alikaa ameelekea ukutani. Hakulia. Wanawake walimzunguka wakamsomea, wakampa maji, hakuyapokea.

Hapo ndipo alipoingia mtani wetu. Sisi ni Wazigua, asili yetu Mkange. Yeye ni Mnyamwezi ambaye wazee wake walishuka pwani na misafara ya mizigo wakabaki Bagamoyo. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu: atavaa nguo za marehemu, atatembea kama yeye, atachekesha waliofiwa, atazuia maiti isitoke mpaka akombolewe. Na hakasirikiwi. Huyu wetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na rafiki wa damu wa mdogo wangu tangu utotoni. Nilimtegemea alie. Badala yake aliingia uani amevaa helmeti nyekundu ya ndugu yangu, akatanua miguu, akanyoosha mkono mbinguni.

"Tuvae, jamani!"

Ilikuwa sauti yenyewe. Si ya kufananafanana. Yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo mwishoni. Wanawake walipiga kelele. Akaenda akalishika jeneza. "Siendi! Sehemu haijaisha! Nyie Wazigua kwa uchoyo mnanizika na tamthilia haijaisha!" Akageuka Bluu mwenye kithembe akimbembeleza Mwekundu alale vizuri, akageuka Njano wa Pangani akilalamika kwamba sanda haikupigwa pasi. Watu walicheka huku makamasi yanawatoka. Shehe alitazama pembeni akajifanya kusoma. Kisha akawa Waridi, akawa mimi, analia kwa sauti yangu, nami nikainuka nimpige. Shangazi alinishika upindo wa kanga. "Kaa chini. Huyo ni mtani."

Nilimchukia. Nasema wazi. Nilitamani angekuwa yeye ndani ya lile jeneza.

Lakini mama alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Uso wake ulifuata ile sauti kila ilikokwenda, na midomo yake ilitikisika. Walipomkomboa mtani kwa kuku na akaliachia jeneza, wanaume wakalibeba kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki kama desturi ilivyo. Ndipo mama akalia.

Siku ya hitima aliniita nikae karibu.

"Sikumpa radhi," aliniambia. "Aliniomba nikamnyima."

"Mama, itamke sasa. Mungu anasikia."

"Mungu amesikia tangu siku ile ile. Ambaye hajasikia ni yeye."

Nikamwambia kuna rekodi zake tele, nimwekee, azungumze nazo, labda roho itatulia. Akatikisa kichwa kama mtu anayemwelewesha mtoto. Sauti iliyomo kwenye flashi, alisema, ni ya kabla. Ile haijui kitu. Ile bado inadhani mama yake anaipenda. Nitaiombaje msamaha sauti ambayo sijaikosea?

Kisha akasema, "Niitie mtani."

Alikuja akiwa mnyonge, nadhani alifikiri anaitwa kukaripiwa. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba, akaingia moja kwa moja kwenye lake. "Umenichezea msiba wangu, na ni haki yako. Sasa na mimi nina haki kwako. Mwanangu ameacha kazi haijaisha. Umalizie."

"Bi mkubwa, mimi Kiingereza sijui."

"Dada yake anajua. Wewe nipe sauti."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baada ya alasiri mtani anafika kutoka kwenye mageti yake, mikono inanuka chuma, ananawa, anavaa ile helmeti nyekundu, maana alisema bila helmeti sauti haiji. Mimi nakaa nyuma yake. Nasikiliza Kiingereza, namnong'oneza Kiswahili, naye anakitoa kwa sauti ya ndugu yangu. Nilikuwa sitaki hata kumgusa bega. Lakini maneno yangu yaliingia kwenye helmeti ile na kutoka yakiwa ya marehemu, na mara nyingine nilijikuta nanong'ona polepole zaidi ili sehemu isiishe haraka.

Alishindwa kuacha utani. Dubwana likitoka baharini linauliza njia ya Mkange, limesikia kuna Wazigua wanaokula gizani wasiombwe tonge. Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu msiba. Nikatoka nje nikajiosha uso. Nilifurahi, na papo hapo niliona uchungu mbaya, kwa sababu mimi nilikuwa hai, na sauti yangu ilikuwa humo ndani kutwa kucha, nikimsomea, nikimwita kula, nikimuuliza amelalaje, na haikuwahi kumfanya ageuke kutoka ukutani.

Nilimuuliza mtani siku moja, akiondoka, kwa nini anakuja. Hakutania safari hii. Alisema yeye ndiye aliyempokea mdogo wangu kaburini, akamlaza, akamfungua kamba za sanda, na tangu siku hiyo hawezi kulala vizuri isipokuwa siku anazokuja kwetu. Nikaacha kumchukia. Si kwa kupenda. Chuki iliisha tu yenyewe.

Tulifika sehemu ya mwisho. Ni ile ambayo kila msimu unayo: adui mkubwa ameshindwa, na vijana wale wanavua nguvu zao, wanaagana, kila mtu anashika njia yake. Mwekundu anabaki peke yake, helmeti kwapani, anawatazama wenzake wakienda. Halafu ana maneno ya mwisho. Nilikuwa nimevuta pumzi niyanong'one, mama akasema, "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akajiweka sawa kwenye mkeka, akajifunika ushungi vizuri kama anayetaka kuswali, akanyoosha mkono mbele yake, ule ule aliouvuta.

"Mwanangu."

Mtani aliniangalia.

"Mwanangu, uliniomba radhi nikakunyima. Ilikuwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa woga, niliogopa kubaki kimya humu. Ile sauti niliyosema nisiisikie, ndiyo ninayoitafuta usiku na mchana. Nimekuwia radhi. Maziwa niliyokunyonyesha ni halali yako. Nimekuwia radhi duniani na akhera. Umenisikia?"

Mkono ulibaki hewani. Mtani aliupokea kwa mikono yake miwili. Nilimwona akikusanya pumzi, kifua kikapanda, nikajua analeta ile sauti, na Mungu anisamehe, na mimi nilikuwa naisubiri. Nilisahau kabisa ni nani aliyemo ndani ya ile helmeti. Ikatoka sauti yake mwenyewe, ya mchoma mageti, imepasuka.

"Mama, mimi siye."

"Najua siye," mama akasema. "Sijawa mwendawazimu. Wewe ulimlaza kaburini, mimi sikupelekwa. Wewe ndiye wa mwisho kumshika. Nijibu kama yeye. Neno moja tu."

Akajaribu tena. Akakohoa, akajaribu. Mtu aliyemchekesha mfiwa mbele ya jeneza, aliyegeuka watu watano bila kupumzika, hakuweza kutoa neno moja. Akavua helmeti akaiweka sakafuni, akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mama akalia kwa kwikwi, jambo ambalo mtani hafanyi nyumbani kwa mtani wake. Mama alimpapasa kichwa. Alimpapasa muda mrefu, anamwambia basi, baba, basi, umefanya kazi kubwa. Ilibidi yeye ndiye ambembeleze. Nikazima televisheni.

Siku hizi mtani akipita anatoa salamu mlangoni kama mtu yeyote, shikamoo mama, anaacha samaki, anaondoka. Msimu mpya umekwishatoka, na Mwekundu mpya, na ametafsiriwa na mtu mwingine ambaye sikatai, anajitahidi. Watoto wa mtaani wameupokea bila shida. Mama hakuuliza habari zake.

Ila kila akitoa salamu ya mwisho kwenye swala ya alasiri, kabla hajakunja msala, anasema, "Nimekuwia radhi, mwanangu." Kisha ananyamaza, ameinamisha kichwa, ametega sikio upande wa mlango. Mimi ninakuwa jikoni, nasikia yote, na ule ukimya unanishinda. Juzi ulinishinda kabisa. Nikaitikia kutoka jikoni, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, nikasema nimesikia, mama.

Nilisikia akikunja msala.

"Si wewe, mwanangu," akasema, kwa upole.